Fungu la Paka

Samaki wa paka hukaguliwa kuanzia chini. Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa mama, na ndilo ninalompa kila anayeniuliza. Muuzaji hupanga fungu lake kwa ujanja: wanaong'aa huwekwa juu, waliolegea hufichwa chini. Kwa hiyo usimtazame wa juu. Ingiza kidole ubavuni mwa fungu, mwinue yule aliyelala juu ya jamvi, kisha mtazame tumbo. Samaki mdogo huharibika tumboni kwanza. Tumbo likiwa zima na gumu kidogo, mchukue. Likiwa limepasuka na miiba imetokeza, mwache, hata kama jicho lake lingali linang'aa. Watu husema samaki mmoja akioza wameoza wote, lakini katika fungu la bei rahisi si kweli. Waweza kumtoa mmoja ukabaki na kumi wazuri. Na ukikosea mara ya kwanza usivunjike moyo. Mimi nilikosea karibu mwaka mzima, na karibu kila siku nilirudishwa sokoni na kikapu changu.

Wakati huo Ngome ilikuwa gereza, na wakubwa wa serikali walikuwa wakisukumwa mjini juu ya toroli, katika reli nyembamba zilizolazwa barabarani. Nilikuwa nimeoa karibuni. Kazi yangu ilikuwa ukarani katika ghala la tajiri mmoja wa Kihindi, na tulikaa watu watatu katika nyumba aliyotuachia marehemu baba: mama, mke wangu na mimi. Wa nne alikuwa paka, jike la kijivu lililochanika sikio moja.

Kwa desturi yetu mwanamume ndiye aendaye sokoni. Mwanamke muungwana hakuonekana pale hata siku moja. Mama alizaliwa mahali ambapo ukipanda darini ulisikia wauzaji wakigombana, na mpaka anazeeka hakupata kukanyaga soko la samaki. Lakini mwanamume alinunua tu. Hukumu ilitolewa nyumbani, uani, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kilichogeuzwa kuwa kiti, na aliyeitoa alikuwa mama.

Nilimwekea kikapu mbele yake. Alimshika samaki kwa mkono wa kulia, akambonyeza ubavu kwa kidole gumba na kusubiri kuona kama nyama itarudi. Akafunua shavu kutazama wekundu wa ndani. Hapo watu wengi huishia, na hapo ndipo wauzaji huwangojea, kwa sababu wako waliojua kupaka damu mbichi mashavuni mwa samaki wa juzi. Mama hakuishia hapo. Alimwinua samaki puani, akafumba macho, akakaa hivyo kiasi cha mtu kusema bismillahi. Kisha alitamka moja kati ya mambo matatu: "Wa leo." "Wa jana." "Mrudishe."

Neno hilo la tatu lilinipa kazi, lakini halikunipa aibu. Muuzaji wetu, mtu wa maneno mengi aliyepaka ndevu zake hina, aliniona nikirudi na kikapu akaanza kucheka kutoka mbali.

"Amesema nani, karani? Wewe au yeye?"

"Yeye."

"Lete, lete! Ungesema wewe ningekupiga kwa mkia wa samaki taa. Lakini pua ile ni kadhi, haina rufaa."

Akanipa mwingine, na jirani zake wakimcheka.

Jina la mama lote lilikuwa katika pua hiyo. Hakuwa na mali, hakuwa na binti wa kuozesha, mume alikuwa amekwisha kumzika. Lakini kichochoro chetu kilikuwa chembamba mno, hata sahani iliweza kutoka dirisha letu la juu hadi dirisha la pili kwa mkono na mkono, na kila asubuhi sahani zilikuja. Mwanamke wa dirisha la pili, mcheshi mwenye sauti ya kusikika hadi msikitini, alimpa mama samaki wake na wa nyumba nne tano zilizokuwa nyuma yake. "Shoga, nihukumie!" aliita. Mama alichukua, akanusa, akarudisha sahani pamoja na neno lake. Nyumba zile zilipika au hazikupika kwa neno hilo. Sikupata kumwona mama akiwa na furaha kama alivyokuwa katika saa ile ya sahani.

Fungu la paka alilihukumu kwa ukali uleule. Nilipokuwa mgeni wa kikapu nilimwuliza sababu. Nilisema ni samaki wa bei ya chini kabisa sokoni, vichwa na mikia na visimu, wale samaki wadogo kama dagaa, na anayekula ni paka.

"Wewe ukila kibaya utasema tumbo lauma," alinijibu. "Huyu atamwambia nani?"

Akanionyesha jinsi ya kusoma kichwa cha nguru: utazame pale kilipokatwa, si usoni. Nyama ya shingo ikiwa nyeupe yenye maji, kizuri. Ikiwa ya kijivu na imekauka kama ngozi ya ngoma, kimeshinda juani. Akanikataza nisimletee paka ng'onda, samaki wa chumvi, hata kama fungu lake ni kubwa kwa bei ileile, kwa sababu paka atakunywa maji mpaka achoke na hatashiba. Yote hayo nayajua mpaka leo. Ni mambo ya jicho na kidole, nami nina jicho na kidole.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi mama alishikwa na homa yenye mafua mazito. Alilala siku nyingi, akapona, akaamka amekonda lakini na nguvu zake. Tukamshukuru Mungu. Sahani zikaanza kuja tena.

Aliyegundua ni mke wangu. Nilirudi kutoka ghalani mchana mmoja nikakuta nyumba imejaa harufu ya tui lililoungua. Mama alikuwa ameketi hatua tatu kutoka jikoni akichagua mchele, uso wake umetulia kabisa.

"Mavyaa yangu hanusi," mke wangu aliniambia tulipokuwa peke yetu. "Nilikuwa juu nikianika nguo. Sufuria imeungua hata chini imekuwa mkaa, naye alikuwa hapo hapo. Nilipopiga kelele ndipo akageuka. Jana alitia udi mara tatu, chumba kikawa hakiingiliki, akaniuliza kama umeshika."

"Labda ni mafua hayajaisha."

"Labda," alisema. Hakuniamini, nami sikujiamini.

Siku zilizofuata nilimchungulia mama kama mwizi. Alibonyeza, akafunua shavu, akamwinua samaki puani na kufumba macho, kila kitu kama zamani. Lakini kulikuwa na jambo jipya. Hapo awali paka alikula baada yetu, mchana. Sasa mama alikata kwanza kipande cha pezi au cha mkia, akakitupa sakafuni, akasema, "Huyu naye mja wa Mungu, asingojee." Paka alinusa. Akila, mama alisema, "Wa leo." Akila polepole, "Wa jana." Akigeuza uso, "Mrudishe." Sahani za majirani nazo zilikuja na kusubiri kidogo. "Ngoja nitafute mwangaza," alimwambia yule wa dirishani, akashuka nayo uani alipokuwa paka.

Nilifahamu. Pua ya mama ilikuwa imehamia kwa paka, na mama alikuwa anajua.

Sasa utaniuliza kwa nini sikusema. Ni swali jema, na nataka kulijibu kwa uwazi, kwa maana hapo ndipo kosa letu lilipo. Sisi tulilelewa kusitiri. Ukimwona mtu mzima nguo imemfunguka, unatazama kando mpaka ajifunge. Hutamki. Kumtamkia mama kwamba kitu pekee alichokuwa nacho kimeondoka, tena mimi mwanawe, ni jambo ambalo ulimi wangu haukujua hata uanzie wapi. Na tena paka hakukosea. Miezi ilipita bila neno lake kuanguka. Muuzaji aliendelea kuniita karani wa kadhi. Mke wangu nami tulitazamana juu ya sinia, tukanyamaza, na nilianza kuona kwamba labda mambo yangeweza kwenda hivyo mpaka mwisho.

Nilizidisha uangalifu katika fungu la paka. Nilijua sasa ninamnunulia nani. Nilifika mapema kuliko wanunuzi wa nguru na changu, nikapiga magoti mbele ya mafungu ya pembeni ambayo watu wa heshima huyapita, nikainua wa chini, nikatazama tumbo.

"Karani," muuzaji alisema, "wachagua visimu kama achaguaye mchumba. Paka huyo atakuja kukudai mahari."

Wote walicheka, nami nikacheka.

Kisha paka akaanza kunuka kinywa. Mwanzoni tulidhani ameficha kichwa cha samaki mahali. Mke wangu alifagia chini ya kila kitanda. Lakini harufu ilitembea na paka. Alipopita mtu alijua. Alianza kutoa ute mdomoni na kuinamisha kichwa upande mmoja anapotafuna, na siku moja nilimfungua kinywa nikaona ufizi umevimba na meno ya nyuma yameoza. Alikuwa mzee. Hatukuwa tumelifikiria hilo.

Mama alimpakata kila jioni. Paka alilaza kichwa katika mkono wake, mdomo wazi, na mama alimkuna shingoni na kumsemesha. Mimi na mke wangu tulikaa upande wa pili wa chumba, tukivuta pumzi fupi fupi. Mama hakujua. Na sisi hatukuweza kumwambia, kwa maana kusema "Mama, paka kinywa chake chanuka" kulikuwa ni kusema yale mengine yote.

"Mwambie wewe," mke wangu alininong'oneza.

"Mwambie wewe. Wewe ni mwanamke mwenzake."

"Mimi ni mke wa mwanawe. Atasema namfukuza paka wake, kesho nimfukuze yeye."

Tukaendelea kutazama kando.

Siku ya kwanza paka alipokataa, nilikuwa nimeleta tasi wazuri, wamekakamaa bado. Mama alitupa kipande. Paka alikwenda mbio, akanusa, akakitia mdomoni, akakitema, akarudi nyuma akijipangusa kwa mguu.

"Mrudishe," alisema mama.

Niliwarudisha. Muuzaji aliwageuza tasi wale mkononi, akanitazama, akawapokea bila mzaha. Siku ya pili nilileta changu. Paka alitema. "Mrudishe." Siku ya tatu muuzaji aliweka mikono nyuma.

"Karani, heshima yako na ya mamako iko hapa kichwani pangu. Lakini samaki huyu ametoka majini mimi nikimwona. Mshike. Mnuse. Kuna nini?"

Nilimnusa. Hakuwa na kitu.

"Basi mle," alisema. "Au siku nyingine niache nimwuzie mtu mwingine. Siwezi kila asubuhi kupokea samaki aliyekwenda matembezi."

Siku hiyo nilikaa na kikapu changu chini ya ukuta mpaka jua likapanda, nikamgawia samaki mpitaji mmoja, nikarudi nyumbani na uongo kwamba nilimrudisha. Tulikula wali kwa bamia. Paka hakula kitu. Alikaa mbele ya fungu lake, akinusa na kutamani, na ute ukimdondoka.

Sasa nitaeleza lile nililolifanya kwa mikono yangu.

Ghalani kwetu zilikuja shehena za samaki wa kopo, chakula cha Wazungu na cha wenye haraka. Yale makopo yaliyobonyea njiani tajiri aliwauzia makarani wake kwa bei ndogo, bei isiyopita mafungu mawili ya paka. Nifahamishe hapa, kwa faida ya anayetaka kununua: kopo lililobonyea si lazima liwe baya. Liguse kichwa na kitako. Likiwa limevimba, au ukilibonyeza likarudi na mlio, litupe mbali. Likiwa na kutu kwenye mshono, liache. Mimi nilichagua moja zuri lenye picha ya samaki mwekundu kwenye karatasi. Nilifikiri: nyama yake ni laini, imeiva, haina mwiba. Paka ataweza kuilamba. Akishiba atapata nguvu, ufizi utapoa, naye atarudi kazini kwake. Ndivyo nilivyofikiri, kazini kwake.

Nilitaka kumpa kwa siri. Lakini kopo halifunguliwi kwa siri. Nilikuwa nikilipiga kwa kisu na jiwe pale uani, mama akaja akasimama juu yangu.

"Nini hiyo?"

"Samaki, mama. Wa kopo. Wa paka."

Alilichukua, akaligeuza, akachungulia ndani. Kwa mara ya kwanza katika siku nyingi alicheka. "Samaki gani huyu? Hana jicho, hana shavu, hana tumbo. Nimhukumu kwa lipi?"

"Kwa pua, mama," nilisema.

Lilinitoka tu. Mke wangu, aliyekuwa akikuna nazi, alisimamisha mkono. Mama alinitazama kitambo. Kisha aliliinua kopo puani, akafumba macho kama desturi yake.

"Hana ubaya," alisema, akanirudishia.

Nilimwaga kidogo katika kigae. Paka alikuja, akainama, akaanza kulamba. Alilamba mpaka kigae kikang'aa, akalia aongezwe. Mama alisimama akimtazama, na nikaona uso wake ukifunguka. Mimi pia nilifurahi. Huo ndio ukweli, nilifurahi sana.

Ilikuwa saa ya sahani. "Shoga!" sauti iliita kutoka juu. "Shoga njoo upesi, leo nina wageni!"

Mama alipanda, nasi tukamfuata. Jirani alikuwa dirishani kwake na sinia, siyo sahani, na juu yake changu mkubwa mwekundu aliyepinda kwa ukakamavu. Watu walikuwa wanakuja kumposa binti yake.

"Mume wangu amemtoa mashuani kwa mkono wake," alisema. "Najua ni mzuri, lakini roho yangu haitulii mpaka uniambie. Nihukumie."

"Ngoja nitafute mwangaza," alisema mama.

Alishuka nayo. Nilisimama kwenye ngazi, nikamwona akikata kipande cha pezi na kumtupia paka. Paka, ambaye bado mafuta ya kopo yalikuwa masharubuni, alikinusa, akakitia mdomoni, akakitema.

Ningeweza kusema hapo. Ngazi ilikuwa na vidato kumi na viwili, na mama alivipanda polepole kwa sababu ya magoti. Nilikuwa na muda wote huo.

"Mrudishe," mama alisema dirishani.

Jirani alicheka, akidhani ni mzaha. "Nimrudishe wapi, shoga? Baharini?"

"Mrudishe. Si wa leo."

"Shoga, mtazame alivyopinda! Yuko kama upinde. Hebu mnuse tena."

Mama alisita. Kisha alimwinua changu yule kwa mikono miwili mpaka usoni, akafumba macho, mwangaza wote wa kichochoro ukimwangukia, na nyuma ya jirani niliwaona wanawake wengine wawili watatu wameinuka kutazama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko bismillahi, na kuliko Alhamdu nzima.

"Nimekwisha sema," alisema. "Ukiwa huna wa kuwapa wageni, mwanangu ameleta samaki wa kopo. Yule ni mzuri. Afadhali yeye kuliko huyu."

Hakuna aliyecheka sasa. Jirani alimpokea changu wake, akamwinamia, akamnusa yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza labda katika miaka mingi. Alimtazama mama. Kisha akanitazama mimi, na nikatazama kando.

"Ahsante, shoga," alisema taratibu. "Mungu akuweke."

Changu alipikwa. Tulisikia harufu yake, mke wangu nami, ikipita kichochoroni, ya nazi na ndimu. Wageni walikula, wakasifu, posa ikakubaliwa, na hakuna aliyeumwa hata kidole.

Kesho yake saa ya sahani ilifika, mama akakaa dirishani. Jirani alimsalimu vizuri, akamwuliza habari za magoti, akamweleza habari za posa. Sahani haikuja. Siku iliyofuata haikuja pia. Hawakumtukana, na hakuna aliyemcheka mbele yake. Walimsitiri, kama sisi. Sokoni, ambako habari za kopo zilikuwa zimekwisha fika, hawakuwa na sababu ya kusitiri. "Karani!" muuzaji alinipigia kelele mbele ya watu. "Leo nikufungie changu, au mamako ataka kopo?" Jirani zake wakapiga makofi. Alipoona uso wangu alijutia, akaniongezea visimu viwili juu ya fungu. Nilivipokea.

Paka aliishi kwa kopo lile na la pili. La tatu hakuligusa. Tulimkuta amekufa asubuhi, miguuni mwa kitanda cha mama.

Nilichimba shimo uani penye mwasumini. Mama alimleta mwenyewe, amemfunga katika kipande cha kanga. Alipomweka chini, kitambaa kikafunguka kichwani, na mke wangu, bila kutaka, akajifunika pua kwa upindo wa leso.

Mama aliona.

"Ananuka?" aliuliza.

"Amekufa, mama," nilisema. "Ni kawaida ya..."

"Amekufa alfajiri. Nauliza, ananuka?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

Alimgeukia mke wangu. "Mwanangu, wewe niambie. Tangu lini?"

"Kinywa chake, mavyaa. Tangu mwezi uliopita. Kilikuwa kimeoza."

Mama aliinama akamfunika paka kichwa, akakaza fundo. "Kwa hiyo hakuwa akikataa samaki," alisema. "Alikuwa hawezi kutafuna." Aliupangusa mchanga kwenye kanga. "Na yule changu alikuwa wa leo."

"Tulitaka kukusitiri, mama," nilisema.

"Kumsitiri mtu ni kumfungia dirisha. Nyinyi mlinyamaza, mkaniacha nimesimama pale na samaki puani, dirisha wazi."

Hakulisema kwa hasira, nami ningeona afadhali angekasirika. Aliniambia nifukie, nikafukia.

Baada ya hapo alimkabidhi mke wangu kibao cha mbuzi. Alimfundisha kwa uvumilivu, kama alivyonifundisha mimi: kidole gumba, shavu, jicho, shingo ya kichwa cha nguru. Mke wangu alikuwa mwepesi wa kujifunza. Kisha alimwinua samaki puani akauliza, "Na harufu yake, mama? Harufu ya wa leo yatakiwa iweje?"

Mama alifungua mdomo kusema. Akafikiri. Alifikiri sana, mkono umeinuka kidogo kama mtu anayetaka kushika kitu kwenye rafu.

"Nilikuwa nikiijua nikiikuta," alisema mwishowe. "Sikupata kuitafutia maneno. Na sasa hata nikijaribu kuikumbuka siipati."

Ndiyo maana hapa nimekueleza tumbo, na ubavu, na shingo, na kopo lililovimba, na sikukueleza harufu. Sikuificha. Mke wangu alijifunza ya kwake, tukala samaki wazuri siku nyingi na wabaya siku chache, kama nyumba nyingine yoyote. Lakini hakuna aliyempitishia sahani dirishani, na hakutaka apitishiwe.

Mimi niliendelea kununua fungu la paka. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimezoea kupiga magoti pale pembeni, au sikutaka muuzaji aniulize. Niliviweka visimu vyangu katika kona ya kikapu kama zamani, na mama, aliyekuwa sasa akikaa karibu na mlango wa uani, alinyosha mkono akavuta kikapu kwake. Alimwinua wa chini. Alimtazama tumbo. Alimbonyeza akasubiri. Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea usoni, ukafika kidevuni, ukashuka.

"Wa leo, mama?" nilimwuliza.

Alimrudisha samaki kikapuni, akapangusa vidole kwenye leso.

"Mpe paka," alisema, ingawa hatukuwa tena na paka.